Kugeuza kitabu cha karatasi kiwe cha kusomeka na wasioona

Mwalimu akisema "fungueni ukurasa wa 47, zoezi la pili", mwanafunzi asiyeona anafaa kufika hapo pamoja na wenzake, si wakati kengele inalia. Kitabu kilichogeuzwa kipimwe kwa hilo. Kuskani ndiko kunakoonekana kuwa kazi yenyewe, lakini kunaisha asubuhi moja. Siku zinazobaki zinaliwa na kusahihisha, kupanga vichwa, kuweka nambari za kurasa na kueleza picha. Anayeskani na kutuma PDF hivyo hivyo ametuma rundo la picha. Ukitaka kuhakikisha, jaribu kuchagua neno moja kwa kipanya: likikataa, programu ya kusoma skrini (inayomtamkia asiyeona yaliyo kwenye kompyuta au simu) nayo haitaona kitu hapo.

Maelezo haya ni ya vitabu vya Kiswahili, vya hadithi na vya darasani, na programu nyingi zilizotajwa ni za bure.

Kabla ya kukata kitabu

Anza na mchapishaji. Vitabu vya miaka ya karibuni vyote vilipangwa kwenye kompyuta, na faili hiyo ina maandishi safi kuliko yatakayotoka kwenye skana yoyote. Wachapishaji wakubwa wako papa hapa Nairobi: Kenya Literature Bureau iko South C, Longhorn na Jomo Kenyatta Foundation ziko Industrial Area. Andika barua, utaje jina la kitabu, toleo na ISBN, ueleze ni nani atakayekisoma na kwa muundo gani. Omba faili ya Word, au PDF ambayo maandishi yake yanachagulika. Ukiipata, ruka sehemu mbili zinazofuata na ushukuru.

Usipoipata, sheria haijakufungia mlango. Kenya imo katika Mkataba wa Marrakesh wa 2013, na Sheria ya Hakimiliki ilirekebishwa mwaka 2019 ili ihusishe haki hizo. Mkataba unaliruhusu shirika lililoidhinishwa, lisilotafuta faida, kutengeneza nakala bila kungoja idhini ya mwenye haki, ila kwa masharti: kitabu kiwe kimepatikana kihalali, kisibadilishwe zaidi ya kinachohitajika ili kisomeke, na nakala ziwafikie walengwa peke yao. Walengwa ni wasioona, wenye uoni hafifu, wenye matatizo ya kusoma kama disleksia, na wale ambao ulemavu wa mwili unawazuia kushika kitabu au kugeuza kurasa. Viziwi hawamo katika mkataba huu. Video ya Lugha ya Ishara ya Kenya inahitaji mpango wake na ruhusa yake.

Kwa hiyo kama wewe ni mwalimu au mtu wa kujitolea, fanya kazi chini ya shule au shirika linalotambulika, na kwenye shaka waulize KECOBO, bodi ya hakimiliki. Weka daftari la nani amepewa nakala ya kitabu gani na lini. Kuitupia faili kundi la WhatsApp la wazazi mia mbili ni kuisambaza kiholela, hata nia ikiwa njema kiasi gani.

Kuskani

Ukiwa na nakala ya ziada, ikatwe mgongo. Maduka ya uchapishaji ya River Road yana mashine za kukatia karatasi, na kazi hiyo ni ya dakika chache. Mwambie fundi aondoe milimita 5. Akiondoa 2, gundi inabaki, kurasa zinashikana na skana inazimeza mbili mbili bila kukuambia. Kitabu kilichopigwa pini katikati nacho kikatwe kwenye kunjo. Ukitoa pini tu, unabaki na karatasi ambazo ukurasa wa 1 uko kando ya wa 64, na kuzipanga upya ni kujitafutia maumivu ya kichwa.

Pepeta karatasi kabla ya kuziweka kwenye skana ya kujilisha yenyewe. Weka dpi 300 (nukta 300 kwa kila inchi) na rangi ya kijivu. Maandishi madogo kama ya kamusi yape 400. Kufika 600 kunanenepesha faili bila kuongeza usahihi wowote wa maana. Usichague nyeusi na nyeupe tupu, kwa sababu visanduku vya rangi vilivyojaa kwenye vitabu vya gredi za chini vitageuka weusi mtupu na maandishi yake kuzama humo. Ukurasa wa A4 wa kijivu kwa dpi 300 una takriban MB 8.7 kabla ya kubanwa, kwa hiyo kurasa 200 zinakaribia GB 1.7. Hifadhi kama TIFF iliyobanwa kwa LZW, ambayo haipotezi kitu. JPEG iliyobanwa sana huzungushia herufi ukungu, na programu ya kutambua maandishi inababaika.

Jina la faili lilingane na nambari iliyochapwa kwenye ukurasa: uk047.tif iwe kweli ukurasa wa 47. Kurasa za mwanzo zenye nambari za Kirumi zipe a01, a02 na kuendelea. Hesabu papo hapo kabla ya kufunga skana. Ukurasa uliorukwa ukigunduliwa wiki mbili baadaye, kitabu kilichokatwa huwa kimeshatawanyika.

Kama kitabu hakiruhusiwi kukatwa, simu yenye kamera ya megapikseli 12 inatosha, mradi upige ukurasa mmoja kwa wakati. Ukurasa wa A4 ukijaza fremu unapata zaidi kidogo ya dpi 300; ukipiga kurasa mbili zilizofunguliwa unashuka hadi kama 240. Ifunge simu kwenye stendi, laza kioo safi juu ya ukurasa ili mgongo usivimbe, weka taa mbili kutoka kushoto na kulia, na uzime mwanga wa simu, kwa kuwa utaacha doa jeupe katikati ya aya. Fanyia kazi hii kwenye laptopu yenye betri nzuri. Stima ikipotea katikati ya kuhifadhi, faili iliyokuwa ikiandikwa ndiyo huharibika.

Kisha pitisha picha zote kwenye ScanTailor Advanced ili zinyooshwe na kingo zikatwe. Hapo ondoa pia jina la kitabu lililo juu ya kila ukurasa na nambari iliyo chini. Usipoviondoa, msomaji atasikia jina la kitabu likiingilia kati ya sentensi mara mia mbili. Nambari hazijapotea, ziko kwenye majina ya faili, na utazirudisha mahali pake baadaye.

Kutambua maandishi

Tesseract, programu inayogeuza picha ya maandishi kuwa maandishi yenyewe, ni ya bure na ina data ya Kiswahili inayoitwa swa. Ni lazima uichague, kwani kwa kawaida programu huanza na Kiingereza na kukukorogea maneno. Wasiopenda kuandika amri watumie gImageReader, inayoendesha Tesseract kwa vitufe na kukuruhusu kuchora eneo la kusomwa. ABBYY FineReader ni ya kulipia, nayo inakijua Kiswahili. Kwa amri, ukurasa mmoja ni hivi:

tesseract uk047.tif uk047 -l swa --psm 6

Unaweza kuandika swa+eng kwa kurasa zenye lugha zote mbili, lakini usiifanye desturi ya kitabu kizima. Kiingereza kikiwepo, programu inapoona neno lililofifia huanza kulivuta lifanane na la Kiingereza.

Hiyo psm 6 inasema "uchukulie ukurasa kama gogo moja la maandishi", na umuhimu wake unaonekana kwenye ushairi. Shairi la arudhi huchapwa ukwapi (nusu ya kwanza ya mshororo) kushoto na utao (nusu ya pili) kulia, na nafasi nyeupe katikati. Programu ikiachiwa iamue, inadhani hizo ni safu mbili za gazeti: inasoma ukwapi wote wa ubeti kutoka juu hadi chini, halafu utao wote. Vina vinaonekana viko sawa, ndiyo maana anayesahihisha kwa haraka hagundui, ilhali hakuna mshororo hata mmoja uliobaki mzima. Tamthilia zina ugonjwa huo huo, kwa sababu majina ya wahusika yamepangwa pembeni na maneno yao yako kulia.

Hisabati usiihangaikie kwa njia hii. Sehemu, vipeo na vipeuo hutoka kama takataka. Viandike upya kwa mkono kwenye kihariri cha hesabu cha Word, ili baadaye viwe MathML, ambayo programu za kusoma skrini zinaweza kuisoma kwa mpangilio.

Kusahihisha

Kamusi ya tahajia ya Kiswahili imo kwenye LibreOffice, lakini vitenzi vyenye viambishi vingi inavipigia mstari mwekundu hata vikiwa sahihi, na jicho linachoka kabla ya sura ya pili. Afadhali utumie kanuni za lugha yenyewe. Fungua dirisha la kutafuta na kubadilisha, washa "regular expressions", kisha tafuta yafuatayo moja baada ya jingine.

Tafuta *rn*. Kiswahili hakina mfuatano huo ila kwenye maneno machache kama karne na majina ya watu na mahali, kwa hiyo karibu kila utakapoukuta ni herufi m iliyosomwa vibaya: rntoto, rnwalimu, serna. Tafuta *c[^h]*, maana c bila h haipo; utakamata clada iliyokuwa dada. Tafuta *[qx]*: mqeni alikuwa mgeni. Tafuta *vv*, ambayo ni w iliyopasuka. Tafuta *h[kpt]*, utapata ahkuja badala ya alikuja, kwa sababu l na i zikikaribiana zinaonekana h.

Halafu inayolipa kuliko zote: *[bcdfghjklmnpqrstvwxyz](?=[ .,;:!?]|$)*. Hii inatafuta neno lililoishia kwa konsonanti. Maneno yetu huishia kwa irabu, basi kila kinachojitokeza kina sababu: neno lililokatwa mwisho wa mstari, herufi iliyoliwa, jina la mtu, au mmoja wa wale wachache halali kama maalum, takriban na Rais. Yaliyokatwa kwa kistari mwisho wa mstari yaunganishe, lakini usibadilishe yote kwa mkupuo. Kitabu cha sarufi kina -enye, -ingi na -a ya uhusiano, na vistari hivyo ni sehemu ya somo.

Ritifaa ipe muda wake. Ng'ombe hutoka ikiwa ng‘ombe, ng`ombe, ng"ombe au ng ombe, na kwa macho yote yanasameheka. Sauti ya kompyuta haisamehe, wala anayetafuta neno hilo kwenye kitabu hataliona, kwa sababu yeye ameandika alama iliyo kwenye kibodi. Chagua ritifaa moja iliyonyooka kwa kitabu kizima, na uzime kipengele cha Word cha kuipinda yenyewe.

Baada ya hapo bado kuna makosa ambayo hakuna kanuni itakayoyanasa, kwa kuwa yamezaa neno halali. Herufi n na u zinabadilishana, na "kuna watu wengi sokoni" inakuwa "kuua watu wengi sokoni". Haya hukamatwa kwa sikio. Mmoja aiache kompyuta isome, naye afuate kwenye kitabu cha karatasi. Kivinjari cha Edge kina sauti mbili za Kiswahili cha Kenya, Zuri na Rafiki, zinazosikika vizuri kuliko nyingi, ingawa zinataka intaneti. Hesabu dakika 3 hadi 5 kwa ukurasa wa hadithi. Wa kitabu cha sayansi cha Gredi ya 5 unaweza kula nusu saa.

Muundo

Faili sasa iwe ya Word. Chagua maandishi yote na uyawekee lugha ya Kiswahili, kisha vipande vya Kiingereza uvichague kimoja kimoja na kuvirudishia lugha yake. Kazi hii hupuuzwa kwa sababu skrini haibadiliki hata kidogo. Msomaji ndiye anayeipata: bila alama ya lugha, NVDA, programu ya kusoma skrini, inaendelea na sauti ya Kiingereza na kumsomea "watoto wanacheza uwanjani" kwa matamshi ya mtalii.

Vichwa viwe Heading 1 kwa sura, Heading 2 kwa mada, Heading 3 kwa mazoezi. Kukoleza wino na kuongeza ukubwa hakutoshi, kwani programu ya kusoma skrini haihesabu kukoleza kuwa kichwa. Usiruke ngazi kwa sababu tu herufi za Heading 3 zimekupendeza. Mwonekano unabadilishwa kwenye mtindo.

Nambari ya kila ukurasa wa karatasi iandikwe pale ukurasa unapoanza, kwenye mstari wake, na upewe mtindo wa DAISY wa nambari za kurasa ambao WordToEPUB, programu itakayogeuza faili ya Word kuwa EPUB (kitabu cha kielektroniki), inautambua. Sentensi ikivuka kutoka ukurasa wa 46 hadi wa 47, usiikate katikati. Imalize kwanza ndipo uweke nambari.

Mazoezi ya Kiswahili yana mitego miwili. Wa kwanza ni pengo. "Mtoto ____ maziwa" hutoka "Mtoto maziwa", kwa kuwa programu huuona mstari kama uchafu. Hata ukibaki, baadhi ya sauti huuruka kimya. Andika [pengo]. Wa pili ni "andika kinyume cha maneno yaliyopigiwa mstari": mstari hupotea kwenye skani, na hata ukiurudisha, msomaji hausikii isipokuwa awe amebadilisha mipangilio. Weka alama inayosikika, mfano [mstari] mrefu [mwisho], na mwanzoni mwa kitabu ueleze alama zote ulizotumia.

Majedwali yawe majedwali ya kweli, si nafasi zilizosukumwa kwa Tab. Mstari wa juu utiwe alama ya kuwa kichwa, na seli zilizounganishwa zitenganishwe. Ratiba ambayo "Mapumziko" yameandikwa wima kupitia siku tano irudiwe kila siku.

Picha

Picha za urembo zitie alama kuwa ni za urembo ili zirukwe. Nyingine zipe maelezo ya sentensi moja au mbili, bila kuanza na "picha ya", kwa sababu programu tayari imeshatangaza kuwa ni picha. Mchoro mzito kama wa mfumo wa chakula tumboni upewe maelezo marefu kama aya ya kawaida chini yake.

Ugumu uko kwenye picha yenye swali. Chukua kitabu kinachoonyesha mama sokoni, na chini yake swali: "Mama anauza nini?" Ukiandika "Mama anauza maharagwe", umemfanyia mtoto mtihani. Ukiandika "Mama sokoni", umemnyima njia ya kujibu. Andika: "Mama ameketi nyuma ya gunia lililo wazi. Ameshika gorogoro lililojaa mbegu laini, ndogo, zilizopinda kidogo kama figo." Mtoto aliyewahi kuchambua maharagwe nyumbani atajibu. Rangi itaje pia, lakini jibu lisitegemee rangi peke yake.

Kutoa EPUB

WordToEPUB ya DAISY Consortium ni ya bure. Ipe faili ya Word, jina la kitabu, mwandishi na lugha, uchague kuwa nambari za kurasa zitoke kwenye mtindo ulioweka, nayo itakupa EPUB 3. Ikague kwa Ace by DAISY, ambayo itakuonyesha picha isiyo na maelezo, lugha isiyotajwa na vichwa vilivyoruka ngazi. Ace haijui maana, ikumbukwe. Maelezo yanayosema "picha1.jpg" yanaweza kupita.

Breli na herufi kubwa

Faili hiyo hiyo ya Word ndiyo inayozaa breli. Liblouis, programu inayogeuza maandishi kuwa breli, ni ya bure na ina majedwali ya Kiswahili cha Kenya, ya daraja la kwanza (herufi kwa herufi) na la mikato (maneno yaliyofupishwa). Duxbury ni ya kulipia. Muulize mwalimu wa darasa mapema ni daraja gani linatakiwa, kwa sababu mtoto anayeanza hasomi mikato. Faili ya BRF, ndiyo faili ya breli yenyewe, kwa kawaida hupangwa seli 40 kwa mistari 25, na ukurasa mmoja wa chapa huzaa kama miwili au mitatu ya breli, kwa hiyo gawa kitabu katika juzuu tangu mwanzo. Kwa mwenye Orbit Reader 20, kifaa kinachoinua nukta za breli, hakuna haja ya karatasi: BRF inawekwa kwenye kadi ya SD na kusomwa seli 20 kwa wakati.

Herufi kubwa zianzie pointi 18, aina ya Arial au Verdana, zimepangwa kushoto, nafasi ya mistari 1.5, karatasi isiyong'aa. Kukuza A4 iwe A3 kwa fotokopi si herufi kubwa. Ni kitabu kisichotosha kwenye dawati.

Kujaribu na kukabidhi

Fungua EPUB kwenye Thorium Reader kwa kompyuta na EasyReader kwa simu ya Android iliyowashwa TalkBack, programu yake ya kusoma skrini. Zima skrini. Kisha mtafute mtu anayetumia programu hizi kila siku umpe kazi tatu: aende sura ya nne, aende ukurasa wa 47, atafute neno lenye ng'. Mahali atakapokwama ndipo pa kurekebisha, hata kama Ace imesema kila kitu ni sawa.

EPUB ya kitabu cha hadithi huwa ndogo kuliko video fupi ya simu, kwa hiyo inaweza kutumwa kwa mlengwa moja kwa moja bila kummalizia bundles. Kwenye ukurasa wa mwanzo andika toleo la karatasi lililotumika, tarehe ya faili, na mahali pa kuripoti makosa. Kosa likiripotiwa, lirekebishe kwenye faili ya Word, si ndani ya EPUB, utoe upya EPUB na BRF, ubadilishe tarehe, uwatumie wote walio kwenye daftari.